Tahadhari: Usinunue Usingizi Dukani

Kama usiku wa jana hukupata hata lepe la usingizi, na leo jioni unakusudia kupitia duka la dawa ukanunue vidonge viwili vitatu vya kukulaza, tafadhali soma hapa kwanza. Naandika kwa haraka kwa sababu jambo lenyewe linaenea kwa haraka. Wanafunzi wa vyuo, madereva wa masafa marefu, akina mama wenye watoto wachanga, wazee waliofiwa na wenza wao: wanaambiana jina la kidonge kilekile, na wengi wao wanakipata bila cheti cha daktari.

Kinachowasukuma si uchovu peke yake. Ni hofu pia. Zinazunguka kwenye simu video fupi zinazosimulia ugonjwa wa kurithi ambao mgonjwa wake hukosa usingizi mpaka akafa. Ugonjwa huo upo kweli. Lakini anayeitazama video hiyo saa 8 usiku, macho makavu, moyo ukimwenda mbio, hujiona ni yeye anayesimuliwa. Kukipambazuka anatafuta chochote cha kumzimisha. Basi tuutazame ugonjwa wenyewe ulivyo, maana ukiujua vizuri utaona kwamba hatari iliyo karibu nawe ni nyingine kabisa.

Ukoo uliowafumbua macho madaktari unatoka Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia. Habari zake zimefuatiliwa nyuma hadi kwa tabibu mmoja wa Venice aliyefariki katika karne ya 18. Kizazi hadi kizazi, watu wa ukoo huo walifika umri wa makamo wakiwa wazima, wanaoa, wanalea, wanafanya kazi. Kisha mmoja wao anaanza kutokwa na jasho jingi bila sababu. Mboni za macho zinasinyaa. Shingo inakakamaa, mapigo ya moyo yanapanda, usingizi unapungua usiku hadi usiku, mwishoni unatoweka. Anakonda huku anakula. Anayumba akitembea, anaona vitu viwili viwili, maneno yanamkwama. Baada ya miezi kadhaa anakufa, na vyeti vya vifo vikaandika ugonjwa huu au ule kwa sababu hakuna aliyejua jina lake. Wenyewe walidhani wamelaaniwa. Sisi tungesema wamerogwa, na tungewapeleka kulekule tunakowapeleka wengine.

Daktari Ignazio Roiter, aliyeoa katika ukoo huo, alishuhudia ndugu za mkewe wakifa kwa namna moja. Hakuridhika na neno laana. Akapekua kumbukumbu za parokia, akachora mti wa ukoo, akaona ugonjwa unashuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto bila kuruka. Mwaka 1984 mtu mwingine wa ukoo huo, Silvano, mwenye miaka 53, alizitambua dalili mwilini mwake kwa sababu alikwisha kuziona kwa jamaa zake. Akakubali kulazwa Bologna, kwenye kliniki ya usingizi ya Profesa Elio Lugaresi, ili achunguzwe na kupigwa picha za video hadi mwisho. Alijua anakokwenda. Alitaka watakaofuata wasife bila kujulikana wanaumwa nini.

Waliomhudumia walimwona akiwa katika hali ambayo si kuwa macho wala si kulala. Mikono yake ilikuwa ikifanya vitendo vya mtu anayeota: anachana nywele, anafunga vifungo vya shati. Ukimwita, anarudi kidogo, anakujibu, kisha anazama tena. Vidonge vya usingizi havikumsaidia. Vinaweza kumlegeza mgonjwa wa namna hii, vikamchanganya akili, lakini usingizi wenyewe haviuleti, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayouleta imekwisha kuharibika. Shika neno hilo, tutalirudia.

Alipofariki, ubongo wake ulipelekwa Cleveland, Marekani, kwa Dakta Pierluigi Gambetti. Uharibifu ulikuwa umejikusanya katika thalamasi, sehemu ndogo iliyo katikati ya ubongo ambayo, pamoja na mengine, hushiriki kuendesha usingizi. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka 1992 ikajulikana kosa lilipo: katika jeni inayoagiza kutengenezwa kwa protini iitwayo prioni, herufi moja imebadilika. Protini hiyo sote tunayo. Ya mgonjwa hujikunja vibaya, kisha huzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo, na seli za ubongo zinakufa. Stanley Prusiner, aliyeipa prioni jina lake mwaka 1982 na kubezwa na wenzake kwa miaka mingi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Mzazi mwenye jeni hiyo iliyobadilika anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Dalili huanza, kwa wastani, mtu akiwa na umri wa miaka 50 hivi, ingawa wapo waliougua mapema zaidi au wakiwa wazee. Kuanzia hapo maisha huwa ya miezi kadhaa hadi miaka michache, wengi wakiishi kama mwaka mmoja na nusu. Tiba bado haijapatikana. Sonia Vallabh, Mmarekani aliyempoteza mama yake kwa ugonjwa huu mwaka 2010, alipimwa akajikuta naye anayo jeni hiyo. Alikuwa mwanasheria. Yeye na mumewe, Eric Minikel, wakaacha kazi zao, wakasomea sayansi upya, na sasa wanaongoza maabara inayotafuta dawa ya kupunguza prioni kwenye ubongo. Nawaheshimu sana watu hawa. Kilio chao hakistahili kugeuzwa kitisho cha kuvutia watazamaji.

Sasa pima mwenyewe. Koo zenye ugonjwa huu zinazojulikana duniani kote ni makumi tu. Wapo pia wagonjwa wachache mno waliopatwa bila kurithi. Magonjwa yote ya prioni yakijumlishwa pamoja humpata mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Ukosefu wa usingizi wa kawaida uliokwisha kuwa sugu unampata takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi. Aidha, ugonjwa wa kurithi hauji na kukesha peke yake. Unakuja na kuyumba, kuona viwiliviwili, jasho, kukonda, usahaulifu unaozidi mwezi hadi mwezi, na mara nyingi katika ukoo wapo waliokufa hivyo wakiwa na umri wa makamo. Kukosa kwako usingizi kwa sababu ya mawazo hakugeuki kuwa ugonjwa huo hata ukikaa miaka. Hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa, kula naye, wala kumwogesha. Na hata kama ungekuwa nao, kidonge cha dukani kisingekufaa chochote. Silvano alikwisha kutuonyesha.

Ukitaka kuogopa ugonjwa wa ubongo unaovuruga usingizi, uogope ule ulioko kwetu na wenye tiba. Malale yanaletwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Kijidudu chake kikishaingia kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Saa ya mwili imepinduka. Kabla ya hapo hutangulia homa zinazokuja na kuondoka, kichwa kuuma, mara nyingine kidonda mahali alipoumwa. Aina iliyoko Tanzania, Uganda upande wa mashariki, Malawi na Zambia huenda mbio: ndani ya wiki au miezi michache inaweza kuua. Ile ya Congo huenda polepole, hata miaka. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huu uliangamiza watu wapatao robo milioni kandokando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga. Leo wagonjwa wamepungua sana, na hiyo ndiyo hatari yake mpya: mhudumu kijana huenda hajawahi kumwona hata mmoja. Kama wewe ni mfugaji, mrina asali, mwindaji, askari wa wanyamapori au uliingia pori lenye mbung'o, kisha ukapata homa na usingizi ukavurugika, mwambie daktari kwa kinywa chako: nilikuwa porini, naomba damu yangu itazamwe kwa hadubini. Kidonge cha usingizi kitakufunikia dalili wakati ugonjwa unapanda.

Wengi wetu, hata hivyo, hatukuingia pori lolote. Tunakesha kwa mambo ya hapa nyumbani. Marejesho ya mkopo wa kausha damu yanayodaiwa kesho asubuhi. Msiba ambao watu wamekwisha kutawanyika, ukabaki peke yako na kitanda kipana. Joto la chumba cha bati, baa ya jirani, mbu. Simu iliyo mkononi mpaka saa 7. Zamu za usiku kwa walinzi, wauguzi na madereva, ambao mwili wao hauambiwi kamwe ni saa ngapi kwa uhakika. Miraa, ambayo kazi yake hasa ni kuufukuza usingizi. Chai ya rangi na kahawa: ukinywa kikombe saa 12 jioni, ikifika saa 5 au 6 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Pombe nayo hukulaza upesi, kisha usiku wa manane hukuamsha na kukunyima usingizi ule mzito.

Dawa unazomeza kwa sababu nyingine zinaweza kuwa ndizo zinazokunyima usingizi, na hili watu hawaambiwi. Prednisolone ikimezwa jioni humwacha mtu macho makavu. Dawa ya presha inayokojoza ikimezwa usiku itakuinua kitandani mara nne. Efavirenz iliwapa wengi waliotumia ARV ndoto za kutisha kwa miaka. Dolutegravir iliyochukua nafasi yake huwakosesha usingizi baadhi ya watu, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi hutosha. Nakusihi, usiache ARV hata siku moja kwa sababu hiyo. Nenda kliniki, uliza kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa.

Na mwili wenyewe una mengi. Kisukari na tezi dume iliyovimba humwamsha mtu kukojoa. Pumu huzidi usiku. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huamka amelowa jasho. Sonona, hasa ile inayomwamsha mtu saa 9 usiku na mawazo mazito asiweze kurudi kulala, huitwa mawazo tu mpaka muda unapokuwa umepita. Yupo pia anayekoroma kwa nguvu, kisha mkoromo unakatika ghafla, kimya, halafu anashtuka akitweta. Huyo anakabwa koo usingizini, asubuhi anaamka amechoka kama hakulala, naye anadhani dawa yake ni kidonge cha kulala zaidi. Kidonge kinalegeza koo na kupunguza bidii ya kupumua. Kwake kinaongeza kukabwa.

Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya duka moja la dawa nikisubiri chenji, mama mmoja wa makamo akaja akaomba kwa sauti ya chini "zile za usingizi". Kijana wa dukani alimwamkia vizuri, shikamoo mama, lakini hakumuuliza tangu lini halali, wala anatumia dawa gani nyingine. Alichukua mkasi, akakata vidonge vitano kwenye karatasi yake, akavitia ndani ya kibahasha cheupe, akaandika kwa kalamu: 1 usiku. Jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi vilibaki kwenye kipande alichorudisha kwenye droo. Yule mama akaondoka na kitu asichokijua jina. Akizidiwa usiku, hospitali watamuuliza amemeza nini, naye atawaonyesha kibahasha.

Ndani ya vibahasha vya namna hiyo mara nyingi huwa mna diazepam, ambayo wengi wanaijua kama Valium. Ni dawa ya hospitali, ina kazi zake za heshima: degedege, wasiwasi mkali, kuandaa mgonjwa wa upasuaji. Ikitumiwa kulalia kila siku, ndani ya wiki chache mwili unaizoea. Kidonge kimoja hakitoshi tena, vinakuwa viwili. Ukikikosa usiku mmoja unakesha kuliko mwanzo, unatetemeka, unatoka jasho, na unaamini kabisa ugonjwa wako umezidi, kumbe ni arosto. Hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo dereva aliyemeza jana usiku leo asubuhi yumo nayo kwenye usukani. Mzee aliyemeza huanguka akienda chooni, akavunjika nyonga.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuichanganya. Diazepam na pombe. Diazepam na tramadol ya maumivu. Diazepam na dawa ya kikohozi yenye kodeini. Kila moja hupunguza kasi ya kupumua, na zikikutana mtu huacha kupumua akiwa amelala, watu wa nyumbani wakidhani leo amepata usingizi mzuri. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo lake zito kuliko yote liwekwe kwenye dawa za jamii ya diazepam kuhusu kuzichanganya na tramadol, kodeini na jamii yake, na mwaka 2020 ikaongeza onyo la uraibu.

Wengine hupewa Piriton, kwa imani kwamba dawa ya mafua haiwezi kumdhuru mtu. Kwa mzee huchanganya akili na inaweza kumziba mkojo, hasa mwenye tezi dume. Nguvu yake ya kulaza huisha baada ya siku chache, ukavu wa mdomo na uzito wa kichwa ukabaki. Na kwenu akina mama na walezi: msimpe mtoto dawa hiyo, wala nyingine yoyote, ili alale mpate kupumzika. Najua uchovu huo ulivyo mzito. Mtoto mchanga anaweza kufa.

Kama umekwisha kutumia diazepam kila siku kwa wiki nyingi, usisome haya kisha ukaitupa jalalani usiku wa leo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Nenda kituo cha afya, sema ukweli wote bila aibu, upunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Hilo ni la lazima.

Dawa ya kukosa usingizi iliyothibitika kuliko vidonge haiuzwi kwenye kibahasha. Tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinashauri kwamba mtu mzima mwenye ukosefu sugu wa usingizi aanzishiwe kwanza mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo yake kuhusu kulala. Wataalamu wa mafunzo hayo ni wachache kwetu, lakini kiini chake kinaeleweka. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala saa 10 alfajiri, hata Jumapili. Usilale mchana kwa kufidia. Kitanda kiwe cha kulala na cha mke na mume, si cha kuhesabia madeni wala kutazamia simu. Ukikaa kitandani kama dakika 20 usingizi hauji, inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu, urudi tu macho yakianza kuwa mazito. Saa ya ukutani igeuze, usiitazame. Punguza muda wa kukaa kitandani ulingane na usingizi unaoupata kweli, usishuke chini ya saa tano, kisha uongeze taratibu. Siku za kwanza utachoka zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Vumilia wiki kadhaa. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha, na anayeendesha chombo cha moto wasipunguze saa za kulala bila kuongozwa na mtaalamu.

Nenda hospitali bila kungoja ukiwa na kukesha pamoja na homa, kukabwa koo usingizini, kuyumba, kuona viwiliviwili, kuchanganyikiwa au kukonda kusikoeleweka. Nenda leo hii, na usiende peke yako, kama usiku unakuletea mawazo ya kujidhuru. Na ikiwa huna dalili hizo lakini unakosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, hilo sasa lenyewe ni tatizo la kitabibu, linastahili kusikilizwa katika chumba cha daktari.

Nawaomba wahudumu wa maduka ya dawa: mtu akija kuomba "zile za usingizi", muulizeni tangu lini, ana umri gani, anatumia nini kingine, na kama hana cheti msimkatie hata kimoja. Na wewe msomaji, ukikuta kibahasha cha namna hiyo kwenye mkoba wa mama yako au chini ya mto wa baba yako, kichukue umpeleke nacho kituo cha afya wiki hii.